Waya wa Trekta Niliouchomoa

Asekon, binti yangu,

Umetoka asubuhi kwenda Kanamkemer kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, hatakuachilia mpaka jua lipoe. Mama yako amejinyoosha kwenye mkeka upande wa kivuli. Mimi nimekaa mlangoni na daftari lako la hesabu la kidato cha tatu, lile lenye kurasa tupu nyuma, na kalamu yako ambayo bila shaka utaitafuta baadaye.

Kiturkana sikufundishwa kukiandika, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili changu hiki cha kazini. Ukikuta makosa uyapite. Kwa mdomo nimeshajaribu. Siku ile barua ya chuo ilipofika ukarukaruka uani kama mbuzi mchanga, nilikuita nyuma ya nyumba. Ukaja, ukauliza, "Baba, kuna nini?" Nikakuambia ukaze kamba ya kuanikia nguo. Ukaikaza, ukarudi ndani. Mimi nikabaki pale naishika kamba.

Mambo ya blanketi, baridi ya Eldoret na nani atakupokea stendi, mama yako ameyasema wiki nzima. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, na nimepanga ulisome ndani ya basi kesho, ukishapita Lokichar, mahali ambapo hutaweza kushuka na kurudi kuniuliza. Hapo utaona baba yako ni mtu wa aina gani.

Unakwenda kusomea injini. Majirani wanasema umenifuata mimi. Lakini nilikusikia ukimwambia rafiki yako pale bombani kwamba unataka kujua ni nini hasa kilichomchoma mama yako. Ulisema injini haiwezi kumrukia mtu bila sababu. Ulisema kweli, na sababu yenyewe hutaikuta chuoni. Iko hapa, imekaa mlangoni na daftari lako.

Nianze nyuma kidogo, kwa sababu nataka ujue mtu anavyofika mahali nilipofika.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa Lokichar, naendesha lori la maji la mkandarasi mmoja wa kazi za mafuta. Siku moja saa sita mchana, kwenye mwinuko wenye mawe, mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho. Unaujua mshale huo, ni ule mdogo kwenye kisaa mbele ya dereva, ukiwa chini injini iko sawa, ukifika kwenye nyekundu injini inaungua. Nikasimamisha lori, nikazima, nikakaa chini ya tairi nikisubiri ipoe, kama nilivyofundishwa. Msimamizi akanikuta pale.

"Nani amekwambia usimame?"

"Injini imechemka, bosi."

"Hii injini ni ya babako?"

Kesho yake nilikuta mtu mwingine amekaa kwenye kiti changu, hata kitambaa changu cha kufutia vumbi alikuwa anakitumia. Nilirudi nyumbani na viatu mkononi. Nilikuwa nimefanya jambo sahihi, lakini somo nililolichukua halikuwa hilo. Nilichojifunza Lokichar ni kwamba anayesimama ndiye mwenye kosa. Nililibeba somo hilo miaka mingi bila kujua kwamba ninalo.

Baadaye tukahamia Kakuma, na kikundi cha nyasi kikanipa trekta. Wewe ulikuwa bwenini wakati mwingi, kwa hiyo hukuyaona mengi. Ilikuwa trekta kuukuu, imeachwa na mradi uliokwisha, rangi yake nyekundu imekuwa kama ya matofali. Lakini ilikuwa inaendeshwa na mimi peke yangu, na nilipopita sokoni watu walinipungia mkono. Sikuwahi kupungiwa mkono kabla ya hapo. Hilo nalo liweke akilini.

Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri mara moja tu, ikatosha. Nyasi za kikundi, upande wa chini wa laga ya Tarach, ule mto wa msimu, zilifika kiunoni. Kazi ilikuwa kuzikata, kuzikausha na kuzifunga, ili kiangazi kikija mbuzi wa watu wapate kula. Trekta ilivuta mashine ya kukatia kwa nyuma, na akina mama walifuata na reki wakikusanya. Mama yako alikuwa mmoja wao. Alikuwa na mikono ya haraka kuliko wote, na alipenda kunitania mbele ya wenzake kwamba mimi nakata kama mtu anayenyoa ndevu kwa kisu butu.

Siku ya pili ya kukata, mshale ukaanza kupanda. Barabarani trekta ilikuwa inakwenda bila shida, lakini ikiingia kwenye nyasi tu na mashine kuzunguka, inachemka. Nikasimama, nikasubiri, nikaongeza maji, nikaendelea. Baada ya mistari miwili, imechemka tena. Mwenyekiti wetu, Mama Ekidor, alikuwa mtu wa kufuata mambo. Akaja, akautazama mshale, akasema, "Ita fundi."

Nikamwita Lado. Humkumbuki sana. Alikuwa Msudani Kusini, mrefu, mwenye banda la mabati ndani ya kambi ya wakimbizi, anatengeneza jenereta na pikipiki. Alikuja kwa miguu na begi lake la spana, akaizunguka trekta mara mbili bila kugusa kitu. Nilimdharau hapo hapo. Nilidhani fundi hasa huanza kwa kufungua.

Akaniambia niwashe injini. Akararua karatasi kwenye daftari lake, akaiweka mbele ya wavu wa rejeta, kile chombo cha maji ya kupoza injini, akaiachia. Karatasi ikaanguka chini.

"Umeona?" akasema. "Hii feni inatakiwa kuvuta hewa. Inatakiwa kushika karatasi. Trekta yako hapumui, mzee. Amekula nyasi kwa pua."

Akafungua wavu. Nyuma yake makapi na vumbi vilikuwa vimeshikana kama blanketi la manyoya, huoni hata tundu moja la rejeta. Akayatoa kwa brashi, akamimina maji kutokea upande wa injini kwenda nje, taratibu, mpaka yakatoka safi. Kisha akabonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, ukazama. Ulikuwa umelegea na umeng'aa kama ngozi ya nyoka, kwa hiyo feni yenyewe ilikuwa inazunguka kwa uvivu. Akaukaza. Mwisho kabisa, injini ilipokwisha kupoa na kuwa ya vuguvugu tu, ndipo akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nusu mzunguko, akangoja, kisha akamalizia. Ndani kulikuwa na magamba meupe, ya chumvi ya maji ya kisima.

Aliyoniambia nayakumbuka neno kwa neno. "Kila saa moja unasimama, unapiga brashi mbele. Saa sita usikate, jua ni kali. Hii mkanda ni mzee, tafuta mwingine. Ndani tutaosha, lakini lazima trekta ilale siku mbili kwangu. Na hii kifuniko, mzee, usifungue moto. Hata mtu akikwambia."

"Siku mbili hatuna," nikamwambia. "Nyasi zinakauka."

"Basi fanya hayo mengine."

Siku ile tulikata mpaka jioni na mshale haukusogea. Karatasi ilishika kwenye wavu kama imepakwa gundi. Mama yako alinunua soda moja tukanywa wawili, tumekaa kwenye gurudumu. Nayakumbuka hayo kwa sababu ndiyo jioni ya mwisho aliyoniona uso.

Kesho yake nilipiga brashi mara ya kwanza, nikapiga ya pili. Mara ya tatu nikiwa nimeinama mbele ya wavu, nikamsikia Mama Ekidor akizungumza kwa simu, kwamba kuna dereva kijana Lokichoggio ana mkono mwepesi, kwamba huyu wa kwetu anasimama mno. Pengine hakuwa ananizungumzia kwa ubaya. Lakini nilisikia sauti ya yule msimamizi wa Lokichar, na nikaona kiti changu kimekaliwa na mtu mwingine.

Nikaacha kupiga brashi.

Mshale ukapanda, bila shaka. Na Mama Ekidor alikuwa ameshajifunza kuusoma. Kila nikipita karibu naye alinyoosha shingo, na ukiwa juu alipiga kelele nisimame. Wenzake nao wakajifunza. Mama yako pia. Niliona kwamba trekta yangu sasa inaendeshwa na kila mtu shambani kasoro mimi.

Kwa hiyo saa nne hivi, wote walipokwenda kunywa chai, niliingiza mkono chini ya kisaa na kuchomoa waya. Waya mmoja mwembamba, wa kijani. Haikunichukua hata muda wa kupiga chafya. Mshale ukalala chini kabisa ukatulia, kama injini imewashwa sasa hivi. Nilipofunika, nilijisikia vizuri. Usidhani mkono ulitetemeka. Nilijisikia kama mtu aliyeondoa mwiba.

Waliporudi, Mama Ekidor akanyoosha shingo, akaona mshale umelala, akanipungia mkono niendelee. Nikaendelea mpaka saa sita, mpaka saa saba. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyetu. Nilianza kusikia harufu ya chuma kinachoungua, nikajiambia ni vumbi. Injini ikawa nzito. Kisha mashine ya nyuma ikasongwa na nyasi, ikakwama.

Nilisimama. Injini sikuizima, betri ilikuwa imechoka na tulikuwa tunaogopa haitawaka tena. Nikashuka kwenda nyuma kuchomoa nyasi kwenye visu. Mama yako ndiye aliyekuwa karibu, na mtungi wa maji ulikuwa miguuni pake. Nikiwa nimeinama nikamwambia aongeze maji kwenye rejeta, tusipoteze muda.

Alikwenda. Alitazama mshale, akauona umelala. Akafunga pindo la shuka lake mkononi, akakanyaga gurudumu la mbele, akainamia kifuniko.

Sikuona. Nilisikia kama gunia limepasuliwa, kisha nikasikia sauti ambayo sikujua kwamba ni ya mke wangu.

Sasa nakuja mahali ambapo nimesimama na kalamu mara tatu.

Palikuwa na pipa la maji ya baridi chini ya mgunga, hatua kumi kutoka pale. Ningemkimbiza pale, au ningechota nikammwagia usoni na shingoni, na kumwagia, na kumwagia. Kila mtu anajua hivyo, hata mtoto. Akina mama walikuwa wanamkimbilia kutoka mwisho wa shamba, wanapiga mayowe. Nilikuwa na muda kabla hawajafika. Niliutumia muda huo kupanda kwenye trekta na kurudisha waya mahali pake.

Nimeandika. Soma tena kama hukuamini.

Waya uliporudi, mshale ukapanda mpaka kwenye nyekundu ukagonga mwisho. Walipofika, mmoja akamshika mama yako, mwingine akatazama kisaa akasema, "Mbona alifungua na mshale uko juu hivi?" Nikamjibu, "Sijui. Alifungua mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma."

Hayo maneno mawili, alifungua mwenyewe, niliyasema tena hospitalini Kakuma. Nikayasema tena hapa Lodwar tulipohamishwa. Muuguzi aliniuliza kama tulimmwagia maji ya baridi na kwa muda gani. Nikasema ndiyo, kwa muda mrefu. Akaandika. Mama yako alikuwa amelala pale na kichwa chote kimefungwa, anasikia. Nilidhani amelala kwa dawa.

Ngozi ilipona polepole kama ulivyoona. Macho hayakupona. Daktari alisema yalipikwa. Alitumia neno jingine la hospitali, lakini maana yake ilikuwa hiyo.

Siku chache baadaye Lado alikwenda shambani kuitazama trekta, kikundi kilimwita. Nilimkuta ameingiza mkono chini ya kisaa. Akautoa waya wa kijani mpaka nje, akauangalia ulivyosokotwa, shaba yake inang'aa mahali nilipoishika kwa kucha.

"Huu umefungwa juzi," akasema.

Nikageuka nikatazama nyasi.

"Mzee, mimi ni mgeni hapa. Mimi siwezi kusema kitu ya nyumba yako." Akafuta mikono kwenye suruali. "Wewe utasema."

Akakusanya spana zake. Tangu siku ile, tukikutana njiani, alinipita kama anavyopita mti, mpaka tulipohamia hapa Lodwar. Sasa hayuko Kakuma tena, sijui alikwenda wapi. Kwa muda mrefu nilifurahi kwamba ameondoka.

Yaliyofuata unayajua, kwa sababu uliyabeba wewe. Ulitolewa shule ukaja kumlisha mama yako kwa kijiko. Ulijifunza kumpaka dawa shingoni bila kumwumiza. Miaka miwili ulikaa hapa huku wenzako wanamaliza kidato cha nne, kabla ya wewe kurudi kumalizia chako, na nilikuona ukilitazama sanduku lako la chuma chini ya kitanda kama mtu anayemtazama maiti. Nilikuwa nikitoka nje.

Lakini kuna siku moja nataka uirudie nami. Ulikuwa umetoka kuchota maji, umechoka, umemkuta mama yako amemwaga uji kwenye mkeka akitafuta kikombe. Ulipanguza bila kusema, kisha ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, ungeangalia tu ule mshale. Kuangalia tu."

Mama yako akasema, "Niliangalia."

Ukabetua midomo. Ukasema, "Mama, basi," ukatoka na kitambaa.

Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nashona ndara. Niliiona sura yake. Alikuwa amegeuza uso upande ulikokwenda, na midomo yake inasogea, kama anahesabu kitu. Alikuwa anajaribu kukumbuka. Alikuwa anarudi pale juu ya gurudumu, anautazama mshale tena, na hana uhakika. Kitu cha mwisho alichokiona kwa macho yake hapa duniani, mimi nilimfanya akitilie shaka. Na wewe, bila kosa lako, nilikufanya umkasirikie mama yako miaka mitatu kwa uzembe ambao hakuufanya.

Nilishona ndara mpaka mwisho. Nikaijaribu mguuni. Ilikuwa imekaa vizuri.

Ninajua utauliza kwa nini sasa. Sina jibu zuri. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema, nitabaki peke yangu. Sasa unaondoka, na nimegundua kwamba nimekuwa peke yangu tangu siku ile, mbele yenu nyote wawili, nikila chakula chenu. Na pia naogopa kitu kingine. Utafika Eldoret, utafundishwa jinsi rejeta inavyofanya kazi, utaelewa kwamba mtu mwenye akili hawezi kufungua kifuniko mshale ukiwa kwenye nyekundu, na utazidi kumwona mama yako mjinga. Utafuzu kwa alama nzuri juu ya uongo wangu. Hilo nimeshindwa kulivumilia.

Kuhusu kazi yenyewe, nina machache, na yote ni ya Lado. Injini ikichemka, iache. Kaa mbali nayo muda mrefu kuliko unavyoona inatosha. Ukianza kutafuta, anza nje, kwenye uchafu, kwenye mkanda, kwenye vitu ambavyo mtu anaona aibu kuviangalia kwa sababu ni vyepesi mno. Karatasi yake uiweke kwenye wavu. Halafu, na hili halikusemwa na Lado, nimeliona mwenyewe, mtazame dereva. Muulize polepole, bila kumwaibisha, ni nani anamtisha. Mara nyingi kuna mtu amekwisha kuficha kitu kabla fundi hajaitwa, na hatakuambia ukimjia na kelele. Kama siku moja wewe ndiye msimamizi, mtu akikuambia amesimama kwa sababu injini imechemka, mletee maji ya kunywa.

Na ikitokea wewe mwenyewe umeingiza mkono chini ya kisaa, na itatokea kwa namna yake, sema saa hiyo hiyo. Saa ya kwanza ni waya tu. Ningesema saa ile wangeniondoa kwenye trekta, na mama yako angekuwa na macho. Ningesema jioni yake, asingekuwa na macho, lakini angekuwa na mume. Nilikuwa nadhani siku zikipita mzigo unapungua. Haupungui, unazoea tu mgongo.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima, kaa. Ninachoomba ni kwamba kesho, ukishashuka kwenye basi...

Nimeikatisha hapo kwa sababu mama yako ameamka.

Ameuliza, "Unakwaruza nini muda wote huo? Naisikia kalamu."

Nikamwambia ni barua ya Asekon.

"Nisomee."

Ningeweza kumsomea nyingine. Ningeweza kubuni barua ya baba mwema hapo hapo, asingejua. Nilifungua mdomo nikawa tayari. Halafu nikamsomea hii, tangu mwanzo, kwa Kiturkana, neno baada ya neno. Kwenye pipa la maji sauti ilikatika. Akasubiri. Nikaendelea.

Nilipofika mwisho alikuwa ameketi wima, uso ameuelekeza ukutani. Kuku waliingia wakatoka.

Kisha akasema, "Kwa hiyo niliona sawa."

"Ndiyo."

"Mshale ulikuwa chini."

"Ulikuwa chini."

"Nilifikiri macho yalianza kufa kabla ya maji," akasema. "Nilifikiri kuna ugonjwa ulikuwa umeniingia kichwani, nikaona chini mahali palipo juu. Nimekuwa naogopa kumwambia mtu."

Sikujua kwamba alikuwa na hofu hiyo. Miaka yote nimelala ubavuni mwake sikujua.

Mimi nikasimama nitoke. Akasema, "Lakini umeruka mahali."

"Wapi?"

"Umeandika uliniambia niongeze maji, nikaenda. Sikwenda. Nilikataa. Nilikuambia hii kitu inapiga mluzi, naogopa. Wewe ukaniambia, hata hukuinua kichwa, ukaniambia, 'Angalia mshale basi, kama huniamini.' Ndiyo nikaangalia."

Nilitaka kubisha, Asekon. Nilikuwa nimekwisha kusema, "Hapana, mimi..." Halafu nikaisikia sauti yangu mwenyewe, ikitokea chini ya ile mashine, na nyasi mkononi. Nilisema hivyo. Nilikuwa nimelificha hata kwangu mwenyewe. Nimekaa hapa asubuhi nzima nikidhani ninakuandikia ukweli wote, na mahali pabaya kuliko pote nilikuwa nimepaacha.

"Andika," akasema.

Nimeandika. Pale juu sijapafuta, uyaone yote mawili.

Nikamwambia barua nitaiweka ndani ya begi lako, uisome barabarani. Akatikisa kichwa. "Mtoto hawezi kusoma kitu kama hiki katikati ya watu asiowajua. Ataisoma hapa. Wewe utakaa mbele yake mpaka amalize."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa upande wake."

Ameomba maji, nimempa, ameyanywa, amenirudishia kikombe bila kugusa vidole vyangu. Sasa ameketi kwenye mkeka ameacha nafasi kando yake, na amejifunga shuka safi.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unamsalimia ejok, unacheka. Mlango ninauacha wazi.

Baba yako.